Barua ya Bibi Niliyoinyoosha

Harufu ya kompyuta, kwangu mimi, ni harufu ya miguu ya watu. Wengine wa rika langu wakiulizwa watataja ule mluzi wa modemu ikihangaika kutafuta laini, lakini sisi wa Tandika tuliijulia kompyuta ofisini kwa Bi Terezia, na kwa Bi Terezia huingii na viatu. Mlangoni palitundikwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mzito, VUA VIATU MASHINE HAITAKI VUMBI, na chini yake zilipangwa kandambili, makubazi ya wazee na viatu vya makarani vilivyopauka visigino. Ndani palikuwa chumba kimoja chenye feni ya mezani, na humo jasho la soksi lilikutana na mafuta ya nazi, wino wa fotokopi na vumbi ambalo liliingia vilevile, likawa linaungua taratibu nyuma ya kioo. Mpaka leo nikiingia ofisi yenye kiyoyozi na sakafu ya vigae hujikuta natafuta pa kuvulia. Wenzangu kazini hunicheka, nami hucheka nao, kwa sababu nikianza kueleza itanibidi nimalize.

Bi Terezia alikuwa mtu wa Masasi, mwanamke mrefu, mkimya, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Alipiga chapa miaka mingi katika shirika moja la umma, mpaka mashirika yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa kazi, naye akapewa mafao yake na barua ya kumshukuru. Wenzake walinunua vyerehani na majokofu ya kuuzia barafu. Yeye alinunua taipureta, baadaye fotokopi, na mwishowe ile kompyuta iliyokwishatumika, iliyofika bandarini ndani ya kontena pamoja na magodoro. Jioni aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile ambacho mama zetu walifunikia redio. Wasichana wanne wa mtaa, mimi nikiwa mmoja, tulikwenda kwake baada ya shule akatufundisha kupiga chapa kwa taipureta ile kuukuu, mikono yetu ameifunika kanga tusione herufi. Nilikuwa darasa la sita, na kwa kupiga chapa bila kutazama nilijiona nimeshafika.

Zilikuwa zile siku za mwisho wa miaka ya tisini, soko huria limetamalaki, kila kitu kinauzwa barabarani mpaka nguo za ndani za Wazungu, na neno imeli ndiyo kwanza linaingia midomoni mwa watu. Bi Terezia alikuwa na anwani moja tu ya imeli, na anwani hiyo ilikuwa ya mtaa mzima, mfano wa sanduku la posta la shuleni. Aliyetaka kuandika aliandika, au aliandikiwa, na barua zikakaa humo mashineni mpaka saa sita mchana, saa ambayo simu ilikuwa nafuu kushika laini na umeme haujakatika. Hapo modemu ilikohoa, ikapiga mluzi, sote tukanyamaza. Zilizokuja alizichapa kwenye karatasi, akazikunja, akazibana pini asizisome mtu, juu akaandika jina la mwenyewe. Mtu wa Ulaya akitaka barua yake ifike ilimpasa aanze kwa herufi kubwa: KWA FULANI, TANDIKA. Ilikuwa inafika. Sisi tuliokuwa tumezoea kungoja barua ya stempu wiki tatu tuliona huo ni uchawi mtupu.

Nyumbani kwetu imeli ilikuwa na kazi moja, nayo ni Baba Mdogo Salumu. Huyu alikuwa mdogo wake baba, kitindamimba wa bibi yangu. Alizamia meli pale Kurasini kabla sijaanza shule, akajificha chini huko na biskuti na kidumu cha maji, akaibukia Rotterdam. Alifanya kazi katika ghala la samaki na kuhamahama vyumba, kwa hiyo namba ya simu hakuwa nayo, ila kila Jumamosi alikwenda maktaba ya mji wao akafungua barua zake bure. Alikuwa anasubiri karatasi za kumruhusu kuishi kule. Tulijua wote, hata sisi watoto, kwamba akitoka kabla ya kupewa, mlango unafungwa nyuma yake na miaka yote ile imekwenda na maji.

Kipupwe cha mwaka ule bibi alianza kuvimba miguu. Bibi yangu alikuwa Mzaramo wa maneno mengi, mchokozi, aliyeniita mke mwenzangu na kunituhumu kila siku kwamba namnyang'anya mume, wakati babu alikwisha kufa kabla sijazaliwa. Uvimbe ulipanda kutoka nyayo hadi magotini, pumzi zikawa fupi, daktari akasema ni moyo na akakataza chumvi. Kwa wiki mbili alitubishia kwamba ni uchovu tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku aliposhindwa kuvuka kizingiti kwenda kutawadha, alimwita baba akamwambia anamtaka Salumu. Baba alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa maneno machache. Aliniita uani asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Zuhura, leo ukitoka shule nenda kwa Bi Terezia umwandikie baba yako mdogo. Muulize bibi anataka aseme nini, uandike vilevile anavyosema. Usipunguze." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Akija harudi tena kule. Lakini kwa mama atakuja."

Bibi alikuwa ameegemea mto, kanga kichwani, sura imejaa lakini macho yaleyale. Nilichukua daftari langu la hesabu nikakaa mkekani. "Andika, mke mwenzangu," alisema. "Mwambie: We Salumu, mie mama yako miguu imejaa maji, kandambili hainiingii. Mama Zuhura kaninyima chumvi, ati kaambiwa na daktari, nakunywa uji utadhani mfungwa. Yule Mwanahawa niliyekukataza keshaachika mara ya pili, nilisema mie mkaniona mchawi. Mwambie aje. Nimemuwekea maneno yake mengi, na mengine matusi, sitaki kufa nayo. Aje nimtukane kwa mdomo wangu." Akacheka mpaka pumzi zikamwishia, mama akaja kumkalisha vizuri.

Niliandika yote daftarini. Lakini nilipoketi mbele ya kile kioo, miguu mitupu juu ya saruji ya baridi, niliona haya. Nilimtazama Bi Terezia akipiga barua za watu wa maana, maombi ya kazi, mikataba ya nyumba, kisha nikatazama daftari langu lenye uji na Mwanahawa na matusi. Nilidhani mashine ile ina heshima yake. Isitoshe, nilikuwa msichana wa insha, mwalimu alizisoma zangu mbele ya darasa, na katika Kiswahili chote nilichowahi kukisikia hakuna kilichonikosha roho kuliko kile cha matangazo ya vifo redioni, saa ile ya mchana nyumba nzima inaponyamaza kusikiliza nani katangulia. Basi nikainyoosha barua ya bibi. Niliandika: "Ndugu yangu mpendwa Salumu. Kwa masikitiko makubwa ninakuarifu kwamba hali ya mama yetu mpendwa si nzuri. Unaombwa kufika nyumbani haraka iwezekanavyo. Uwe na moyo wa subira, kwani yote ni mipango ya Mwenyezi Mungu. Ni mimi kaka yako." Nikaweka jina la baba chini, maana barua za nyumbani zilitoka kwa jina la mwenye nyumba. Nikaisoma mara tatu. Nakumbuka nilivyojisikia, na ndilo jambo linaloniuma zaidi: nilijisikia fahari. Ilikuwa Jumanne.

Kila siku bibi aliniuliza, "Mashine imesema nini?" Nami nilimjibu bado, anafungua Jumamosi. Alianza kuhesabu. Alimwambia mama atoe godoro jipya lianikwe juani, na akaagiza mkaa wa kutosha kwa sababu mtu wa Ulaya ataoga maji ya moto. Chumvi aliacha kuidai. Alisema atakula vizuri Salumu akija kumsemea.

Jumatatu mchana Bi Terezia alinipa karatasi iliyokunjwa na kubanwa pini. Niliifungulia palepale, sikungoja. KWA BABA ZUHURA, TANDIKA. "Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Nimepokea, kaka. Nimelia hapahapa maktaba mpaka watu wamegeuka. Najua mshamzika mama na najua mmenificha kwa kunihurumia, kama tulivyomficha shangazi alipofiwa. Angekuwa hai ningekuja hata kwa kuogelea, na karatasi zao wakabaki nazo. Lakini kaburi halikimbii, nitakuja nikipata. Nakusanya wenzangu wa Tanga na Unguja walioko huku, usiku wa leo tunamsomea mama hitma. Mnisamehe sikumtia udongo." Nikaisoma tena nikitafuta ni mama wa nani aliyekufa.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo. Hilo kila mtu wa pwani analijua, na wa bara pia nadhani. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo, apewe safari nzima ya kuzoea, na neno lenyewe alikute miongoni mwa watu wa kumshika. Mjomba wangu alipofariki Lindi, mama alipata simu ya maandishi kutoka posta yenye maneno manne, KAKA MGONJWA SANA NJOO, naye hakuyamaliza. Alianza kulia kwenye neno la pili, akajifunga kanga, akaenda. Baba Mdogo alikuwa mtoto wa desturi hiyohiyo. Alipoona masikitiko, na subira, na mipango ya Mwenyezi Mungu, angefikiri nini kingine? Ningeiacha chumvi tu. Ningemwachia Mwanahawa peke yake, angejua kwamba mama yake anapumua, maana hakuna mfu anayesengenya. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Sikujua kwamba mjukuu mwenyewe ningekuwa mimi.

Sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi za duka la jirani mpaka baba aliporudi kutoka Kurasini, nikampa ile karatasi barabarani. Aliisoma, akaniomba nakala ya kile nilichoandika. Bi Terezia aliitunza kila barua, akanichapia nikampelekea baba nje. Baba aliisoma hiyo nayo, taratibu, midomo ikicheza. "Maneno ya mama yapo wapi?" aliniuliza. Nilimwonyesha daftari. Nilitamani anipige, na nilikuwa tayari. Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati, akaingia ndani kwa Bi Terezia kwa viatu vyake, na Bi Terezia akampisha. Baba alisimama nyuma ya kiti cha Bi Terezia akamwandikisha: SALUMU MAMA YU HAI WALLAHI YU HAI NJOO. Akaomba itumwe wakati uleule, na ikatumwa. Lakini sote tulijua kwamba maktaba ni Jumamosi.

Njiani baba aliniambia, "Bibi akikuuliza, mwambie anakuja." Nikamwambia. Bibi alinishika shavu kwa mkono wake uliovimba, akataka kujua amesema nini hasa, maneno yake mwenyewe. Nilitunga. Nilisema ameuliza kama uji una chumvi sasa. Nilisema anaogopa hayo matusi. Alicheka sana, akamwita mama aje asikie. Safari hii nilijua kumwandika mtu aliye hai, ila barua yenyewe haikuwapo. Siku tatu zile alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mgonjwa yeyote, akiuliza ndege zinatua saa ngapi, na kila hodi ya mlangoni aligeuza kichwa. Alifariki Alhamisi asubuhi, mama akimsuka nywele ili mwanawe asimkute hovyo. Tulimzika alasiri.

Baba hakumwandikia mdogo wake. "Sasa nimwandikie nini?" alisema. Jumamosi, matanga hayajaanuliwa, watu wamejaa ukumbini na mkekani uani, Bi Terezia alikuja mbio bila viatu kumwita baba. Salumu yuko kwenye simu ya ofisi. Nilimfuata baba, hakuna aliyenizuia. Simu za nje enzi hizo mtu alizungumza kwa kupaza sauti, kwa hiyo tuliokuwamo chumbani tulimsikia bila kutaka. "Kaka! Mwenyezi Mungu mkubwa, kaka! Nimekata tiketi! Mpe mama simu, mbebeni mumlete, mie nangoja hapahapa!"

Baba alishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Akasema, "Salumu, uko na nani hapo?"

Swali lile mtu wa kwetu haulizwi ovyo. Ndilo linalotangulia habari ya kifo. Kisha sauti ya Baba Mdogo ikapanda, si kilio, ni hasira tupu: "Mama yu hai unaniandikia hotuba ya msiba? Alikuwa hai, kaka! Ningekuwa nimeshafika! Umeninyima mama mara mbili, we mtu gani?" Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mashine. Nilifungua mdomo. Baba, bila kunitazama, alininyooshea kiganja kwamba ninyamaze. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Niliandika vibaya." Laini ikakatika, au ilikatwa. Bi Terezia alinitazama, akachukua kitambaa chake cha kufuma akaifunika kompyuta, na ilikuwa mchana bado.

Baba Mdogo hakupanda ile ndege. Hakuandika tena. Baba alimtumia salamu kila Idi, kwanza kupitia Bi Terezia, baadaye kwa simu za mkononi zilipoenea, na hazikujibiwa. Nami nilikua, nikasoma, nikapata kazi ya kuhariri vitabu vya shule, yaani nalipwa mshahara kunyoosha maneno ya watu. Mara kadhaa nilimwomba baba aniache nimweleze mdogo wake ukweli. Alikataa. "Ulikuwa mtoto," alisema. "Mzigo huu mie naumudu." Aliubeba miaka kumi na minne, akafa nao, kwa malaria iliyompanda kichwani, siku nne tu.

Arobaini ya baba haikuwa imefika Baba Mdogo alipotokea mlangoni, mtu mnene mwenye mvi, karatasi zake amekwishapata zamani. Alilia makaburini juu ya kaka yake mpaka tukamwinua. Baada ya chakula alinikuta nimekaa peke yangu barazani. "Zuhura," alisema, "kaka nilimjua toka nafungwa nepi. Hajawahi kuniita ndugu yangu mpendwa hata siku moja. Ile imeli aliandika mwenyewe kweli?"

Aliuliza kwa upole. Nadhani alikuwa anataka nimpe njia ya kumsamehe kaka yake, na njia hiyo nilikuwa nayo mimi peke yangu. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi, nina mtoto mgongoni. "Ndiyo," nilimjibu. "Aliandika mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akasema basi, yameisha, Mungu amrehemu. Hajauliza tena. Siku hizi amejenga Mbezi Beach, anafuga kuku, na yumo katika kundi la ukoo kwenye simu pamoja na watu sabini. Humo hakuna tena mgonjwa aliyezidiwa. Mtu akikata roho hospitali tunapata picha yake kabla maji ya kumwoshea hayajachotwa, na mtoto wa ndugu aliye Kanada anajua kabla ya jirani wa ukuta kwa ukuta. Wazee wanalalamika kwamba adabu imekwisha, na mimi, ambaye ningepaswa kufurahi kuliko wote, huungana nao. Ile desturi ilikuwa na huruma ndani yake. Mimi ndiye niliyeitia fahari yangu.

Jina la Baba Mdogo liko juu kwenye simu yangu, na kidoa cha kijani kando yake kikiwaka najua yuko macho, kashika simu. Nimekwisha kumwandikia yote, si mara moja, yakiwa na uji na Mwanahawa na kiganja cha baba, nikafuta. Barua ya Rotterdam ilingoja siku nne isomwe. Hii ingefika kabla sijameza mate, na ana haki ya kujua kwamba kaka yake alimpenda, na kwamba mama yake alimwekea matusi. Amefikisha miaka sabini sasa. Wiki iliyopita aliandika kundini kwamba miguu yake imeanza kuvimba.